USILIOMBEE GARI AMBALO HUJAHESABU VITI VYAKE



Neno la leo ni Mwanzo 33:12-14. Fungua Biblia yako usome kwanza, kisha urudi hapa.

Esau amekutana na ndugu yake Yakobo baada ya miaka mingi ya uadui. Wamekumbatiana, wamelia. Sasa Esau anasema twende, tufuatane. Ana wanaume mia nne, watu wa mbio. Ni heshima kubwa kualikwa kwenye msafara kama huo. Lakini Yakobo anakataa kwa adabu. Anamweleza Esau kwamba watoto alio nao bado ni wachanga na wana mifugo inayonyonyesha, na wakikimbizwa kwa nguvu hata siku moja kundi litakufa. Anamwomba atangulie, yeye atakuja polepole, kwa mwendo wa watoto.

Kumbuka huyu ni nani. Ni yule ambaye katika sura iliyotangulia alishindana hadi alfajiri pale Penieli, akabarikiwa, akapewa jina jipya. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema, "Sisi tumebarikiwa, hakuna litakalotupata njiani," ni yeye. Hakusema hivyo. Mtu aliyetoka kuuona uso wa Mungu ndiye aliyepima hatua za watoto.

Sasa tuje kwetu, Kitale na Bungoma. Leo nitasema wazi. Atakayekasirika akasirike, lakini asome hadi mwisho.

Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, makanisa yetu huanza safari. Kambi ya vijana, mashindano ya kwaya, semina ya Shule ya Jumapili, mkutano wa injili. Wewe unaijua picha hii. Asubuhi na mapema uwanjani kuna matatu moja ya abiria 14. Watoto ni 38, viongozi ni wanne. Wanapakiwa. Wadogo wanapakatwa, wa katikati wanasimama wameinama, ngoma na spika zinaziba mlango wa nyuma. Mmoja anaita, "Tuombe!" Macho yanafumbwa. Safari inafunikwa kwa damu ya Yesu, malaika wanatumwa mbele na nyuma, kila roho ya ajali inakemewa. Amina. Gari linaondoka likiwa limelalia upande mmoja.

Mpendwa, hapo hatujaomba. Tumemtupia Mungu kazi tuliyokataa kuifanya sisi.

Soma Mathayo 4. Shetani alipompandisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe chini, andiko alilotumia lilitoka Zaburi 91, lile la malaika kumshika mtu asijikwae. Ndilo andiko tunalopenda kulisoma tukiwa tumeweka mikono juu ya boneti! Yesu hakusema andiko ni la uongo. Alimjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, panapokatazwa kumjaribu Bwana. Ahadi ya ulinzi ni ya kweli. Lakini ukiitumia kuruka mahali ambapo Mungu hakukutuma uruke, unalitumia andiko kama alivyolitumia yule mshawishi.

Usiniambie kwamba mambo hayo hayawapati watu wa Mungu. Tarehe 4 Desemba 2021, kule Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi la shule lililobeba wanakwaya Wakatoliki waliokuwa wakienda harusini liliingia Mto Enziu uliokuwa umefurika. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Video ilisambaa nchi nzima. Zaidi ya watu 30 walikufa. Sisemi walikosa imani, na yeyote atakayesema hivyo nitampinga. Walikuwa watu wa ibada, wamevaa vizuri, wakienda kwenye furaha. Mafuriko hayaulizi nani ameokoka. Ninachosema ni kwamba kila msafara wa kanisa lazima uwe na mtu mzima mwenye mamlaka ya kumwambia dereva, "Simama, tunashuka," na dereva akasimama.

Agosti 2025 basi lingine la shule, lililobeba waombolezaji waliotoka mazishini, lilianguka Kisumu. Zaidi ya watu 20 walikufa. Nalitaja kwa sababu makanisa mengi huku kwetu yakipata basi la shule la kukodi hujiona yamemaliza kazi. Rangi ya manjano siyo upako. Basi la shule nalo lina breki zinazochakaa na dereva anayechoka. Uliza kabla hujalipa.

Kisha kuna lile neno tunalolisema kila ajali ikitokea: "Pale mahali pana pepo. Pale kuna roho inayokunywa damu." Tumelisema kuhusu Daraja la Kamukuywa. Watu wa Bungoma hawajasahau Desemba 2017, watu wengi walipopoteza maisha pale. Tumelisema kuhusu Salgaa na Sachangwan pia. Mwezi huo huo wa Desemba 2017, siku ya mwisho wa mwaka, basi lililotoka Busia liligongana na lori pale Migaa karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Wako waliosema barabara ile inahitaji kukemewa. Baadaye ikapanuliwa, na magari yanayopanda yakatenganishwa na yanayoteremka. Ajali za kugongana uso kwa uso zikapungua.

Nauliza kwa upendo: ni pepo gani huyo anayefukuzwa na ukuta wa zege?

Mimi ni Mpentekoste. Naamini mapepo yapo na jina la Yesu linayatoa. Lakini ukimsingizia pepo kazi ya dereva aliyesinzia, unampa shetani sifa asiyostahili na unampa dereva msamaha ambao hajauomba. Ndugu aliyepiga kinanda kwenye kesha la Ijumaa hadi saa kumi na moja alfajiri, kisha saa kumi na mbili akakabidhiwa usukani na watoto wa watu, huyo hahitaji kukemewa. Anahitaji kulala.

Najua kuna mtu anayejiandaa kunijibu kwa Ezra 8. "Mchungaji, Ezra alisafiri na watoto wadogo akaona aibu kumwomba mfalme askari. Alifunga na kuomba tu." Asante kwa kulitaja. Hebu tuisome sura yote.

Ezra alipiga kambi kando ya mto siku tatu, akawakagua watu wake kabla hawajaondoka. Akagundua Walawi hawamo, akasimamisha safari hadi walipopatikana. Akatangaza mfungo, wakaiombea njia, wao na watoto wao na mali zao. Kisha akachagua makuhani kumi na wawili, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo, akawaagiza wavilinde hadi Yerusalemu. Walipofika, siku ya nne, vyote vilipimwa tena. Hesabu ikalingana, na uzito wote ukaandikwa.

Umeona? Mtu wa imani kuu, aliyekataa askari, alihesabu wakati wa kuondoka, akahesabu wakati wa kufika, akaandika. Na hiyo ilikuwa fedha tu!

Sisi je? Sadaka ya Jumapili inahesabiwa na watu watatu, inaandikwa kwenye daftari, inatiwa sahihi. Hakuna kanisa Kitale linaloruhusu mtu mmoja aondoke na kikapu cha sadaka bila kuhesabu. Daftari la watoto liko wapi? Tukifika Bungoma, nani anajua kwa majina ni wangapi waliopanda Kitale? Hata Yusufu na Mariamu, katika Luka 2, walitembea mwendo wa siku nzima wakitoka kwenye sikukuu huku wakidhani Mtoto yumo katika msafara. Hakuwamo. Iliwachukua siku tatu kumpata. Kama wazazi wa Bwana waliweza kudhani vibaya, mwenyekiti wa vijana anaweza pia.

Sasa nijibu visingizio, maana navijua.

Kisingizio cha kwanza: "Kanisa letu ni maskini, hatuwezi kukodi magari mengi." Tupige hesabu. Watoto 38 na viongozi wanne ni watu 42. Gari la viti 14 ukizidisha kwa tatu ni 42. Kwa hiyo ni magari matatu. Tuseme kila moja linakodiwa kwa shilingi 9,000 kwenda na kurudi. Jumla ni 27,000. Gawanya kwa watu 42: haifiki shilingi 650 kwa mtu. Na kama hizo hazipo, basi wapunguze wanaokwenda, au muwaalike wenzenu wa Bungoma waje Kitale, au mfanye kambi hapo hapo kanisani kwenu. Hakuna andiko linalosema Roho Mtakatifu atashuka Bungoma peke yake. Na tuambiane ukweli: hema lilikodiwa, spika zilikodiwa, mhubiri mgeni alilipiwa chumba chenye maji moto. Pesa zilikuwepo. Watoto ndio waliobanwa.

Kisingizio cha pili: "Watoto ni wadogo, wanatoshana." Gari likienda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Mtoto unayempakata naye anakwenda kwa kasi hiyo hiyo, ingawa anaonekana ametulia. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, yeye hasimami. Hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika. Ndiyo maana mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, na abiria wasiozidi viti. Mtu wa serikali aliona jambo ambalo sisi wachungaji tulipaswa kulihubiri.

Kisingizio cha tatu: "Siku yako ikifika, imefika." Hilo si neno la injili, mpendwa. Hata Torati hailijui. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakusema, "Akianguka, siku yake ilikuwa imefika." Alisema jenga ukuta, la sivyo damu hiyo itakuwa juu ya nyumba yako. Mkanda wa gari ni ukuta wa dari. Kukataa abiria wa kumi na tano ni ukuta wa dari.

Kisingizio cha nne: "Polisi watatuelewa, sisi ni watu wa kanisa." Hapa ndipo moyo wangu unauma zaidi. Gari limejaa, linasimamishwa barabarani, kiongozi anashuka na noti mkononi, anarudi akitabasamu, gari linaendelea, na kwaya inaendelea kuimba kuhusu utakatifu. Watoto 38 wameona. Hata kama mtafika salama, mahubiri ya kwanza ya kambi hiyo yameshahubiriwa, na hayakuwa ya Yesu.

Baada ya Shakahola mwaka 2023, wachungaji wengi tulipaza sauti kwamba serikali isiingilie kanisa. Sawa. Lakini asiyetaka kuhesabiwa na wengine na ajihesabu mwenyewe. Huwezi kumwambia Kaisari akae mbali huku watoto uliokabidhiwa wamekaa nyuma ya pikapu wakishikilia fito.

Mwaka 2024 peke yake, zaidi ya watu 4,700 walikufa barabarani Kenya. Ndio barabara tunazopita. Unatoka Kitale, unapita Kiminini, unateremka Kamukuywa, Misikhu, Lugulu, unafika Webuye, kisha Bukembe hadi Kanduyi. Unakutana na malori marefu yanayokwenda Malaba. Unakutana na trekta za miwa, nyingine hazina taa hata moja nyuma. Mchana unaweza kuiona trela ya miwa ukiwa mbali. Usiku unaiona ukiwa umeshaifikia. Oktoba 2018 basi lililokuwa likienda Kakamega usiku lilianguka Fort Ternan, watu zaidi ya 50 wakafa, na mamlaka ya usafiri ikasema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Kwa nini basi kambi inafungwa saa kumi na mbili jioni, mhubiri anaongeza saa moja ya maombezi, na watoto wanaanza safari ya Kitale gizani?

Kuna jambo lingine ambalo hatulisemi kwa sauti. Safari ya mtoto haiishii gari linaporudi kanisani. Inaishia mlangoni kwao. Msichana wa miaka 15 anayepandishwa bodaboda saa tatu usiku na mtu ambaye hakuna anayelijua jina lake kamili bado yuko mikononi mwa kanisa. Mtoto wa mwisho anayebaki ndani ya gari na mwanamume mmoja, hata kama ni shemasi, hata kama anaimba vizuri, bado yuko mikononi mwa kanisa. Simshtaki mtu. Nasema mlango unaoachwa wazi hauchagui nani ataingia. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie mambo yote yanayomhusu. Kanisa lisiwe mahali pa mwisho kulielewa hilo.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayowaomba viongozi wa vijana na Shule ya Jumapili. Chukueni kalamu.

1. Andika jina la kila mtoto na namba ya simu ya mzazi wake. Nakala moja ibaki na mzee wa kanisa asiyesafiri.

2. Kila mtu kiti chake, mkanda wake. Hakuna kupakata, hakuna kusimama. Pikapu na lori ni za viti na mahema.

3. Itazame stika ya ukaguzi. Soma karatasi ya bima. Gari la kibinafsi la ndugu yetu likianza kubeba abiria wa kulipa, bima yake huenda isimlipe mtu yeyote siku ya shida.

4. Mwulize dereva alilala saa ngapi. Si dharau, ni ushirika.

5. Watu wazima wawili au zaidi katika kila gari, na mmoja wao awe mwanamke kama kuna wasichana. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja.

6. Ondokeni kukiwa kumekucha, rudini kabla ya giza. Mhubiri akipitisha muda, zimeni kipaza sauti. Atasamehe.

7. Hesabuni kwa majina mkipanda, mkisimama njiani, mkifika na mkirudi. Mtoto asikabidhiwe mtu ambaye mzazi hakumtaja.

8. Bodaboda ni abiria mmoja na kofia ngumu. Sheria inasema hivyo, na shingo ya mtoto inasema hivyo.

Mkishamaliza hayo, sasa wekeni mikono juu ya gari hilo. Ombeni kwa nguvu! Nenda na Zaburi 91 yote. Nehemia katika sura ya nne waliomba kwa Mungu wao na wakaweka walinzi usiku na mchana. Hawakuona kwamba mlinzi anamwaibisha Mungu. Kuna ajali zinazompata hata mtu mwangalifu, na hapo ndipo tunapomhitaji Bwana kweli kweli, kwa yale tusiyoyaweza.

Na wewe mzazi, nina neno lako. Ukifika kanisani alfajiri ukakuta gari limejaa, mshushe mtoto wako. Watakuita mtu asiye na imani. Watasema unazuia baraka. Mwambie mwenyekiti wa vijana kwamba mchungaji amekupa ruhusa, na umwonyeshe ujumbe huu. Mtoto atalia kwa kukosa kambi. Mpikie chai, mwambie kambi nyingine iko Desemba.

Na wewe mchungaji mwenzangu, usingoje mzazi akusemee. Simama mlangoni mwa gari wewe mwenyewe. Ikiwa viti vimekwisha, sema vimekwisha. Hata kama askofu anawangoja Bungoma. Yakobo alimwacha Esau na watu wake mia nne watangulie, na hakuna mahali Biblia inamlaumu kwa kuchelewa.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, umetupa watoto hawa na utatuuliza habari zao. Tufundishe kuwahesabu kama unavyotuhesabu sisi, hata nywele za vichwa vyetu. Wape viongozi wetu ujasiri wa kusema gari limejaa. Wape madereva wetu usingizi wa usiku na macho ya mchana. Wafariji waliowapoteza wapendwa wao Enziu, Kamukuywa, Migaa, Fort Ternan na Kisumu. Na Agosti hii, kila mtoto aliyeandikwa kwenye daftari wakati wa kuondoka, tumwone na kumtaja kwa jina akirudi. Amina.

Tuma ujumbe huu kwenye kikundi cha WhatsApp cha vijana na cha wazazi kanisani kwenu, kabla hamjaanza kuchanga pesa za kambi.

Ubarikiwe.